Dhidi ya Pointi Sita

Msimamishe mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne kati ya Kayanga na Murongo, mwombe akutajie sababu za ukoloni, athari za biashara ya utumwa au sifa za ukabaila. Atakupa sita. Hatakupa tano wala saba. Atazitaja kwa mpangilio uleule wanaoutumia wenzake wa Kaisho na wa Nyaishozi, kwa kuwa wote wamesomea notisi zilezile, kopi ya kopi, hadi herufi zimeanza kufifia pembeni. Sasa muulize swali la pili: umejuaje? Atakutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini leo ni Jumanne. Amesoma historia miaka minne na swali hilo halijawahi kumfikia.

Nazipinga pointi sita. Najua nagusa kitu ambacho walimu wengi wazuri wanakitegemea, na kwamba wapo wasomaji wa hapa waliofika chuo kikuu kwa mgongo wa pointi sita. Mimi ni mmojawapo. Hilo halizifanyi kuwa elimu.

Kwa ambao hawakupita njia hii, au walipita wakaisahau kwa makusudi, mambo yako hivi. Swali la insha ya historia kwenye mtihani wa kidato cha nne lina alama 15. Darasani alama hizo zinagawanywa kama nyama ya sherehe: utangulizi kidogo, hitimisho kidogo, na katikati pointi sita, kila moja na alama zake mbili. Pointi ni kichwa cha maneno mawili au matatu kilichopigiwa mstari kwa rula. Chini ya kichwa kuna sentensi mbili au tatu zinazorudia kichwa kwa maneno mengine, halafu mfano. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, kiranja anachukua daftari la mwenye mwandiko mzuri na kulipeleka steshenari. Huo ndio mzunguko mzima. Hakuna mahali ndani yake ambapo mtu analazimika kufikiri, ingawa kila mtu anatoka jasho.

Nilifundisha Karagwe kwa mazoezi ya ualimu nikiwa shahada ya kwanza, na mwaka huu nimerudi Karagwe na Kyerwa kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili. Kazi yangu kubwa imekuwa kusoma madaftari ya historia. Nimesoma mengi kuliko ambavyo afya ya macho inaruhusu. Kuna daftari moja halijanitoka kichwani. Swali lilikuwa juu ya ukabaila Afrika Mashariki. Mwanafunzi alipiga mstari chini ya maneno "umiliki wa ardhi", kisha akaandika kwa Kiingereza sentensi tatu ambazo kwa Kiswahili ni hizi: Ukabaila ulikuwa na umiliki wa ardhi. Ardhi ilimilikiwa na makabaila. Kwa mfano Nyarubanja, Karagwe. Tiki nyekundu. Alama mbili.

Mwandishi wa sentensi hizo amezaliwa Karagwe, anaishi Karagwe, na alipokuwa anaziandika alikuwa amekaa kwenye dawati Karagwe. Ameitaja wilaya yake kama mtu anayetaja Misri ya Kale.

Nyarubanja si jambo la kale. Ulikuwa utaratibu wa ardhi ambapo mtawala aliwagawia ndugu na vipenzi wake maeneo pamoja na watu waliokuwa wakiyalima, na watu hao wakageuka wapangaji wa kulipa ushuru na kufanya kazi za bwana. Ulishika mizizi hasa kwa Wahaya, upande wa Bukoba. Sheria ya kuufuta, iliyowafungulia wapangaji njia ya kumiliki ardhi waliyolima, ilitungwa mwaka 1965. Mtu mwenye miaka 80 leo alikuwa kijana wa ishirini. Yupo, anakunywa lubisi yake jioni, na anaweza kuulizwa. Vitabu na notisi zinaandika kwamba wenye ardhi waliitwa Batwazi na wapangaji Batwarwa, na wanafunzi wanayakariri maneno hayo kama majina ya dawa, wakati kila anayezungumza Kinyambo au Kihaya nyumbani anaweza kusikia ndani yake kitenzi kimoja, cha kubeba na kuongoza, kwanza kikitenda halafu kikitendwa. Hakuna aliyewaambia kwamba masikio yao ni chanzo cha historia.

Siku moja, nikiwa bado kwenye mazoezi, niliuliza darasa zima: nani amewahi kulisikia neno nyarubanja nyumbani? Mikono sita au saba ilinyooka. Binti mmoja akasema bibi yake aliolewa huku kutoka Bukoba, na kwamba baba wa huyo bibi alikuwa anapeleka mikungu ya ndizi kwa mwenye ardhi. Mvulana wa nyuma akamkatiza: "Hiyo ni ya Bukoba, madamu. Huku kwetu mambo yalikuwa ng'ombe." Mwingine akasema babu yake alimweleza kuwa huku ardhi ilikuwa tele, mtu akionewa anahama tu, sasa nyarubanja ingefanya kazi vipi? Ndani ya dakika tano walikuwa wamesimama, wanachanganya Kiswahili na Kinyambo, na walikuwa wamefika penyewe: je, kitabu kiko sahihi kikiandika Nyarubanja na Karagwe kando yake? Ni swali la mwanahistoria. Kisha kengele ikalia. Wakaketi, wakafungua madaftari, na mmoja akauliza kwa adabu kabisa: "Madamu, tuandike pointi gani?"

Ningeweza kumjibu kwamba wasiandike pointi, waandike aya. Lakini aya hakuna aliyewafundisha. Wanadhani aya ni ile nafasi unayoruka kabla ya pointi inayofuata.

Nikisema aya namaanisha kitu kidogo na kigumu. Unasema jambo ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga. Unaleta ushahidi, na unasema umeutoa wapi. Unaeleza ushahidi huo unabebaje lile ulilosema, maana ushahidi hausemi wenyewe. Halafu unasema mahali ambapo uhakika wako unaishia. Huko Uingereza walimu wanafundisha hili kwa vifupisho vya herufi nne nne, na kuna watu wa semina wanaotaka kutuletea vifupisho hivyo kama vilivyo. Mimi sioni haja. Ukitaka kusikia aya iliyojengwa vizuri, nenda kwenye kesi ya kibanja.

Nilikaa kwenye usuluhishi mmoja katika kijiji cha Kyerwa. Bibi mmoja mjane alikuwa anadaiana mpaka na jirani. Lugha yangu ya nyumbani ni Kihaya, kwa hiyo nilimfuata bila mkalimani. Alisema hivi, kwa kifupi: "Kibanja hiki aliniachia mume wangu. Miramura ile aliipanda baba yake, na mzee aliyekaa pale alikuwepo siku hiyo, muulizeni. Mnasema mpaka unapita kwenye mibuni. Kama unapita hapo, kaburi la baba mkwe wangu limefikaje ndani ya shamba la jirani? Nani anazika mtu wake kwa jirani? Juu ya rweya ya kule chini sisemi kitu. Hiyo niliikuta watu wanachungia tu."

Hebu angalia alichofanya. Ametoa dai. Ameleta miramura, ile mimea inayopandwa mipakani, ambayo hata jina lake lina uhusiano na kuamua kesi. Ametaja shahidi anayeweza kuhojiwa palepale. Ameichukua hoja ya upande wa pili, akaikubali kwa muda, akaonyesha inakokwamia. Na mwishoni amejiwekea mpaka mwenyewe: hili nalijua, lile silijui. Wazee walimsikiliza kwa makini zaidi baada ya ile sentensi ya rweya, kwa sababu mtu anayekubali asichokijua anaaminika kwa anachodai kukijua. Bibi huyu, kwa maelezo yake, aliishia darasa la nne. Mjukuu wake yupo kidato cha tatu, shule haiko mbali na hapo, na kila wiki anafundishwa namna ya kuacha kuzungumza kama bibi yake.

Chukua tena mfano ambao hakuna mtoto wa Kagera asiyeujua. Kwa nini majeshi ya Idi Amin yalivamia mwaka 1978? Kwenye notisi pointi ya kwanza huwa tamaa ya Idi Amin, ya pili udikteta wa Idi Amin. Hizo ni lawama, na Amin anazistahili, lakini lawama haielezi kwa nini ilikuwa Oktoba, wala kwa nini ilikuwa Kagera. Aya ingekwenda hivi:

Uvamizi wa Oktoba 1978 ulilenga kuchukua ardhi. Haukuwa ugomvi wa askari wa mpakani tu. Tarehe 1 Novemba Uganda ilitangaza kwamba eneo lililo kaskazini ya mto Kagera limekuwa lake, na siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Wapo wanaosema wanajeshi wale waliingia wakiwafukuza wenzao walioasi, lakini anayefukuza waasi hana haja ya kutangaza mpaka mpya, wala ya kuvunja daraja linaloliunganisha eneo hilo na nchi nyingine. Hata hivyo tangazo lilitoka baada ya majeshi kuwa yameshavuka, kwa hiyo peke yake halitoshi kuthibitisha kwamba nia hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Sentensi tano. Hiyo ya mwisho haipo kwenye notisi yoyote niliyoisoma, wala kitu kinachofanana nayo. Neno "hata hivyo" halina alama.

Sasa nijibu wanaonijibu, maana majibu yao nayajua, nimeyasikia kwenye ofisi za walimu huku chai ikipoa.

La kwanza ni lugha. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia sekondari anakuta historia kwa Kiingereza, atawezaje kujenga hoja kwa lugha asiyoweza kuombea maji? Anakariri kwa sababu kukariri ndiko kulikobaki. Hilo ni kweli, na ningekuwa nimeandika makala hii miaka kumi iliyopita ningekomea hapo. Lakini mtaala mpya wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mlango ule tuliosema umefungwa umefunguliwa, angalau nusu. Na tumeingiza nini? Nimeziona notisi za somo jipya. Ni pointi sita kwa Kiswahili. Vichwa vilevile vimepigiwa mstari kwa rula ileile. Kiingereza kilikuwa kichaka, tumekifyeka, na aliyekuwa amejificha nyuma yake bado amekaa palepale.

La pili ni mtihani. Mwalimu anafundisha kinacholipa, na kinacholipa ni idadi. Sina ugomvi na mwalimu hapa. Nina ugomvi na utaratibu unaohesabu pointi kama mtu anayehesabu debe za kahawa bila kufungua gunia. Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na kilio kinachorudi humo ni kwamba wengi hawaelewi swali linataka nini na hawawezi kufafanua hoja zao. Kwa nini wafafanue? Kutaja kumeshawalipa.

La tatu ni wingi. Darasa lina wanafunzi 80, nani atasahihisha aya zao? Hili ndilo jibu linalotolewa kwa kujiamini zaidi, na ndilo dhaifu kuliko yote. Insha moja ya kurasa tatu mara 80 ni kurasa 240, na hizo mnazisahihisha, usiku, kwa mwanga wa simu, nimewaona. Aya moja ya nusu ukurasa mara 80 ni kurasa 40. Ukiwa na mambo manne tu ya kutafuta, dai, chanzo, maelezo na kikomo, macho yanazoea haraka. Nilijaribu na kidato cha pili kwa wiki tano. Wiki ya kwanza walinipa pointi zilizovaa nguo za aya. Wiki ya tatu baadhi walianza kugombana na vitabu. Mmoja aliandika juu ya kahawa ya butura, ile inayouzwa ikiwa bado mtini kwa bei ya shida. Alidai wanaouza butura si wavivu kama inavyosemwa, akaleta mfano wa mwezi ambao ada ya dada yake ilidaiwa na mwezi ambao kahawa huiva, akaonyesha miezi hiyo haikutani. Kisha akaandika kwamba anajua habari za kaya yao na kaya mbili za jirani tu. Nilimpa alama zote na ningemwongezea kama zingekuwepo.

Kuna kundi la nne, na hili limo humu kwenye jarida. Ni rafiki zangu wa fasihi. Wao wanasema muundo ni gereza, kwamba tukimfundisha mtoto kuandika aya yenye sehemu nne tutakuwa tumebadilisha pointi sita kwa sanduku jingine, na sauti yake itakufa humo. Nawapenda, lakini wanaodharau muundo ni wale walioupata bure, kwa mama aliyekuwa mwalimu au kwa shule yenye maktaba. Hawakumbuki kufundishwa kwa sababu walikula pamoja na uji. Mtoto wa Rwambaizi ambaye nyumbani kwao kitabu pekee ni Biblia na daftari la mkopo wa duka hana anasa ya kuuvunja muundo. Kwanza apewe.

Lakini wana hoja mahali ambapo wenyewe hawajapaona. Aya inaweza kusimama wima na kuwa ya uongo. Ushahidi ninao, na umetoka Karagwe.

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika, Bweranyange. Walipokewa vizuri mno. Grant aliugua mguu, akabaki anauguzwa kwa Rumanyika wakati Speke ametangulia Buganda. Ziwa la pale wakalipachika jina la ziwa la kwao Uingereza, kama vile wenyeji walikuwa wanalisubiri libatizwe. Mwaka 1863 Speke alichapisha kitabu cha safari yake, na ndani yake mna sura nzima juu ya asili ya Wahuma, watu wa tabaka la watawala aliowaona Karagwe na kwingineko. Dai lake lilikuwa kwamba watawala hawa walikuja kutoka upande wa Uhabeshi, watu wa juu wakiwashinda watu wa chini. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa sura za watu: pua, urefu, jinsi wanavyoketi. Uliobaki aliutoa kwenye Biblia aliyokulia. Mwenyewe aliiita nadharia. Waliokuja baada yake hawakujisumbua na neno hilo.

Speke hakuwa peke yake, na si haki kumbebesha mtu mmoja mzigo wa karne nzima. Ila dai hilo lilisafiri. Watawala wa kikoloni walilichukua Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, wakaligeuza kuwa utaratibu wa nani asome na nani atawale. Novemba 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda, Léon Mugesera, alisimama mbele ya umati akasema Watutsi warudishwe kwao Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huingia Kagera. Mwaka 1994 mto huu, mto wa Kyerwa na Karagwe, ulileta maiti hadi Ziwa Viktoria. Wazee wa pembezoni mwa mto hawahitaji kitabu kuwakumbusha. Wakimbizi waliovuka wakajaza kambi za Ngara na za Karagwe pia, Chabalisa ikiwa mojawapo.

Ninapowaambia wanafunzi wa huku kwamba katika njia ndefu iliyofikia mauaji yale kuna dai lililoandikwa na mgeni baada ya kukaa kwao, kwa mfalme wao, likakaririwa miaka mia moja na thelathini bila mtu kuuliza "umejuaje?", darasa linakuwa kimya kwa namna nyingine. Notisi hazina hili. Notisi zina Speke kwenye orodha ya wapelelezi, pointi ya pili au ya tatu, na mwaka. Kitabu cha Israel Katoke juu ya ufalme wa Karagwe, kilichotoka 1975, kimejaa mambo ya kubishania: nani alihama, lini, na tunajuaje. Katika shule nilizopita sikukikuta hata nakala moja.

Kwa hiyo rafiki zangu wa fasihi, sehemu ngumu ya aya siyo umbo. Sehemu ngumu ni kumzoesha mtoto kushika ushahidi mkononi, kuupima uzito, na kuuweka chini ukiwa mwepesi. Umbo linamsaidia kuona pale ambapo kiti kina miguu mitatu. Speke angepitishwa kwenye aya ya yule bibi wa Kyerwa, angeulizwa shahidi wake amekaa wapi.

Na huku mpakani ushahidi ni maisha. Mwaka 2013 ilipopita Operesheni Kimbunga, ule msako wa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, watu walitakiwa kuthibitisha kwamba ni wa hapa. Wapo walioondolewa wakisema wamezaliwa Tanzania. Fikiri umewekwa mbele ya ofisa ambaye hajui kijiji chenu, huna cheti cha kuzaliwa kwa sababu ulizaliwa nyumbani kama wote wa rika lako, jina lako linafanana na majina ya ng'ambo ya mto kwa sababu mto uliwakuta watu tayari wapo pande zote mbili. Una nini? Una kaburi la babu, jina la mwalimu aliyekufundisha darasa la kwanza, jirani aliyekuwa kwenye kipaimara. Kuviunganisha hivyo viwe uthibitisho, kwa sauti isiyotetemeka, au vizuri zaidi kwa barua, ni kazi ya aya. Simaanishi kwamba aliyefukuzwa alifukuzwa kwa kukosa insha. Nguvu haisomi insha. Nasema tu kwamba serikali iliyomfundisha mtoto miaka kumi na moja ingeweza walau kumwachia chombo hicho kimoja.

Mwalimu mmoja wa Kyerwa, mama mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini, alinisikiliza haya yote hadi mwisho. Kisha akasema: "Mdogo wangu, maneno yako matamu. Wewe utarudi Dar. Mimi Novemba inanikuta hapa, na Januari matokeo yakitoka nitaitwa mimi." Novemba huku ni msimu wa senene na wa mtihani wa taifa, na katika hivyo viwili ni kimoja tu kinachofurahisha. Nilimwambia yuko sahihi kuhusu kidato cha nne. Sitamwomba mwalimu yeyote awatoe kafara watahiniwa wake kwa ajili ya kanuni yangu.

Lakini kidato cha nne ni mwaka mmoja. Ukiondoa upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, mitihani ya kidato cha kwanza hadi cha tatu haitungwi Dar. Inatungwa na walimu wenyewe, na mara nyingine na wilaya. Hakuna waraka unaokataza swali moja la historia kati ya yote liwe la aya. Walimu wa historia wa Karagwe na wa Kyerwa, ambazo hadi 2012 zilikuwa wilaya moja na bado zinaazimana walimu wa twisheni, wanaweza kukaa Omurushaka Jumamosi moja na kukubaliana. Gharama ni nauli ya bodaboda na soda. Swali la kwanza wanaweza kulichukua kwangu, silidai haki: Je, nyarubanja ilikuwepo kijijini kwenu? Andika aya moja. Taja aliyekuambia, na useme kama alikuwepo.